Ukuta Uliogoma Kukauka

Usiniambie ile methali ya ufa na ukuta. Nimeambiwa na kila aliyepita nyuma ya nyumba yangu, na kati ya wote walioniambia hakuna hata mmoja aliyeshika mwiko. Ufa niliuona. Niliuona ukiwa mwembamba kama uzi wa kushonea, nikauona ukiwa mpana wa kuingiza kidole. Na siku lipu ilipobanduka kipande cha ukubwa wa mlango, ikaanguka puu juu ya masufuria niliyoanika, nilikuwa nimesimama palepale. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuka ili nimwambie mtu. Hakukuwa na mtu. Nikaokota masufuria yangu nikaingia ndani.

Mimi ni dobi. Dobi mstaafu, ukitaka maneno ya kwenye barua. Miaka thelathini na mmoja nimefua na kukausha shuka za hospitali, na mtaani wananiita Mama Shuka mpaka leo, ingawa shuka ninazofua sasa ni mbili tu na zote ni zangu. Mume wangu alifariki, huu ni mwaka wa sita. Mwanangu yuko ng'ambo na hunipigia kila Jumapili alasiri. Mazungumzo yetu yanatosha kuchemshia yai. Simlaumu. Ana watoto, ana kazi, na wapo wazazi wasiopigiwa kabisa. Lakini wiki ina siku saba jamani, na yai moja halishibishi.

Yeye ndiye aliyesema nitafute fundi. "Mama, hiyo nyumba itakuangukia." Nikauliza dukani, wakanipa namba, akaja mwanamume wa rika langu, mrefu, magoti mabovu, ndoo mkononi na mwiko ndani ya ndoo. Peke yake. Wanamwita Taratibu, kwa sababu kazi ya siku mbili yeye huifanya kwa siku nne. Dukani walinionya kabisa. Nikawaambia mimi sina ninakokimbilia.

Aliuzunguka ukuta ule wa nyuma, akiugonga kwa mpini wa mwiko. Palipo pazima palijibu kwa sauti nzito, na pale lipu ilipoachia palilia kama debe tupu. Akafika chini, kwenye ule unga mweupe unaotoka ukutani, akaukwangua kwa ukucha, akaulamba.

"We fundi! Unakula ukuta wangu?"

"Naonja tu, mama. Chumvi." Akatema pembeni. "Bora huu. Wa huyo jirani yako sithubutu, una mavi ya popo."

Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo.

Akaniuliza nani aliyeupaka ukuta rangi ya mafuta. Nikamwambia ni marehemu mume wangu, alichoka kupaka upya kila mwaka, akanunua rangi ile nzito ya kijani, ile wanayopaka mageti. Fundi akatikisa kichwa. "Mungu amrehemu, lakini hapo alikosea. Maji yameingia kwenye nyufa, na huko juu mfereji wa paa umetoboka, unayamwaga ukutani. Yakiisha kuingia yanataka kutoka. Yakija mbele yanakuta rangi imeziba kila kitundu. Yafanyeje? Yanaisukuma lipu mpaka inaumuka na kuanguka. Ukuta wako hauna ugonjwa, mama. Umevalishwa koti la mvua na jasho liko ndani."

Kazi ikaanza. Siku tano alitindua lipu ya zamani, tindo na nyundo, ko, ko, ko, tangu asubuhi mpaka mchana. Majirani walilalamika kelele. Mimi nilikuwa nikiamka mapema niisubiri. Akabadilisha mfereji wa paa. Halafu akaniambia tuuache ukuta uchi majuma matatu, matofali yapate hewa, na yeye atakuwa akipita kila baada ya siku mbili kuutazama. Alipita kweli. Nilikuwa naandaa chai, naye anageuza ndoo yake, anaikalia, anakunywa polepole huku akiangalia matofali kama anayesoma gazeti.

Ndipo tulipozoeana. Alinihadithia chumba chake anachopanga nyuma ya duka la mabati, jinsi mvua ikinyesha hasikii hata redio. Nilimhadithia kazi yangu ya shuka hospitalini, kwamba shuka ikibaki na unyevu hata wa kijiko kimoja mimi nitajua, naiweka shavuni tu. Hakuamini. Nikaweka shavu kwenye tofali moja, nikahamia la pili, la tatu, nikamwambia hili kavu, hili bado, hili ni kesho kutwa. Akayapima kwa njia zake akakuta nimepatia yote. "Aisee, dada," akasema, "ungekuwa fundi ungetunyima kula."

Dada. Mpaka siku hiyo nilikuwa mama. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Sasa nikueleze habari ya Mwenye Gesti, maana ndipo mambo yote yalipofungamana. Nyuma ya nyumba yangu kuna kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro ni nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, nayo lipu yake imeumuka kila upande. Vyumba vya chini vina ukungu, hakuna mgeni anayelala humo siku mbili. Mwenyewe ni mtu wa kutembea mikono mgongoni. Siku fundi alipomaliza kupiga lipu mpya kwangu, alikuja akausimamia ukuta, akaupapasa.

"Taratibu," akasema, "nasikia tangu uanguke kwenye jukwaa la ujenzi huna kazi kubwa."

"Ni kweli, mzee."

"Mimi nina kuta kumi na mbili. Nitautazama huu kwanza. Ukikauka vizuri mpaka mwisho wa mwezi, zile zote ni zako. Ukitoa madoa, nina fundi mwingine ananisubiri."

Alipoondoka, fundi alikaa kwenye ndoo yake. Halafu akasema, bila kunitazama, "Nikiipata hii, dada, watu watajua bado nipo. Nikiikosa nitabaki kuziba matundu ya panya mpaka nife." Alisema hivyo hivyo. Kwa hiyo mtu asije akasema sikujua. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Lipu mpya humwagiliwa maji. Wengi hawajui, wanaona saruji imewekwa, wanadhani wailinde na maji. Fundi alinieleza kwamba saruji haikauki, inakomaa, na ukiiachia jua kabla haijakomaa itapasuka yote. Basi asubuhi na jioni, siku saba, niinyweshe. Alinipa kazi hiyo mimi. Nami niliifanya kama kazi ya hospitali, kwa saa, na kila jioni alikuja kukagua, akaweka kiganja, akasema safi kabisa. Zilikuwa siku saba nzuri. Nilipika cha watu wawili kila siku na hakikubaki.

Siku ya saba akasema, "Basi, sasa acha. Usiiguse tena. Tuiache inyauke yenyewe majuma matatu, ndipo nije nipake chokaa."

"Na wewe hutakuja kuangalia?"

"Niangalie nini? Lipu haitaki kuangaliwa, inataka kuachwa." Akacheka, akachukua ndoo yake, akaenda.

Siku ya kwanza nilipiga deki nyumba nzima. Siku ya pili nilipiga deki tena. Siku ya tatu, mchana, nilikohoa, nikashtuka kusikia sauti yangu, nikagundua sijasema neno tangu juzi. Hata salamu. Aliyekuja kusoma mita ya maji aliingia uani, akasoma, akatoka, hakubisha hodi. Nikakaa mezani na sahani mbili, maana mkono ulikuwa umeshazoea, na nikalia. Nasema wazi, sina wa kumwonea haya sasa. Nililia kwa sababu ya sahani.

Siku ya nne asubuhi nilichovya shuka moja majini, nikaikamua kidogo, nikaibandika ukutani kwa fagio refu.

Usidhani nilimwaga maji ovyo kama mtoto. Mimi ni mtu wa kazi. Ukimwagia ukuta kwa ndoo, maji yanatiririka, yanaacha michirizi chini, kila mtu atajua. Shuka iliyokamuliwa vizuri inaunyonyesha ukuta taratibu, pale unapotaka, na ukiitoa baada ya saa moja inabaki doa jeusi, pana, lisilo na chanzo. Nikasubiri saa mbili ifike, nikapiga simu.

"Fundi, mbona huu ukuta wako una majimaji?"

Alifika kabla chai haijachemka. Alikuja akihema, magoti yenyewe yale. Akaweka kiganja, akatazama juu kwenye mfereji, akatazama chini kwenye msingi, na uso wake ukawa na wasiwasi niliouona waziwazi. Na mimi nilifurahi. Mungu ananiona, nilifurahi mno, nikamkatia na mkate.

Akaanza kuja tena kila siku. Nami nikawa nabandika shuka kila baada ya siku mbili, hapa leo, pale kesho kutwa. Alichimba msingi kwa mikono yake akakuta pakavu. Alipanda paani akamwagia mfereji maji, haukuvuja hata tone. Alikuja na kipande cha nailoni, akakibandika kwenye doa kwa utepe pande zote nne, akanieleza kwamba maji yakijikusanya upande wa nje ni umande wa hewa, yakijikusanya upande wa ndani basi ukuta wenyewe ndio unaoyatoa. Tulikiacha siku mbili. Alipokuja kukitazama, matone yalikuwa upande wa ndani, mengi, yamejipanga.

Utani ulikuwa umemwisha siku nyingi, chai ilikuwa ikipoa mkononi mwake.

"Sijui, dada," akasema. "Miaka arobaini, na sijui."

Niliinama nikaokota kikombe ambacho hakikuwa kimeanguka. Ukitaka kujua maana ya kujichukia, mwulize mtu aliyemfanya fundi aseme sijui. Usiku ule nilijiapiza. Shuka ile niliifua, nikaipiga pasi, nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Ukuta ukaanza kukauka kama kila ukuta wa haki. Siku ya nne haukuwa na doa. Fundi aliweka kiganja kila mahali, akaweka na shavu, akiniiga mimi, akageuka huku uso umempambauka. "Umekubali! Dada, umekubali! Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama nimerogwa." Akapiga makofi. Mwenye Gesti alikuwa dirishani kwake ghorofa ya pili, fundi akampungia mkono kabisa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mwezi uishe.

"Basi sitakusumbua tena," akaniambia. "Nitakuja tarehe ya chokaa."

"Hunisumbui, fundi."

"Ah, nimekunywa chai yako yote mwezi huu. Pumzika na wewe."

Pumzika. Watu wanapenda kuwaambia wenzao wapumzike. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ya nyumba tupu aijuaye aliye ndani yake. Nilivumilia Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nilijihesabia kwamba Jumapili mwanangu atapiga, nitamweleza habari za ukuta kwa kirefu, nitazivuta zivuke yai. Nilikaa na simu mapajani tangu saa tisa. Saa kumi na mbili ukaja ujumbe wa maandishi: mama samahani, mtoto ana mechi, tutaongea wiki ijayo, vipi ukuta?

Sikujibu. Nilikaa na ule ujumbe mpaka giza likaingia, kisha nikalala na nguo.

Jumatatu asubuhi nilifungua sanduku. Sitajitetea. Nilijua tarehe, nilijua kuta kumi na mbili, nilijua alichosema juu ya matundu ya panya. Nilijiambia kidogo tu, pembeni, chini ya dirisha la jikoni ambako Mwenye Gesti haoni. Doa la sahani. Aje siku moja, aweke kiganja, anywe chai, kesho litakuwa limekauka na hakuna aliyekufa. Mtu mpweke ana akili nyingi sana za kujidanganya. Nikapiga simu.

Alipofika hakuja peke yake. Mwenye Gesti alikuwa amemwona akipita kichochoroni mbiombio asubuhi ile, akashuka kumfuata. Wakaingia uani wote wawili, mmoja anahema, mwingine mikono mgongoni. Na mimi nimesimama mlangoni na birika.

Mwenye Gesti akaliona doa kabla ya fundi. Akalibonyeza kwa kidole, akakipangusa kwenye suruali.

"Mwezi mzima," akasema. "Ukuta mmoja, Taratibu. Ukuta mmoja umekushinda."

"Juzi ulikuwa mkavu, mzee. Mwenyewe uliuona."

"Niliona. Na leo naona hivi. Mgonjwa anayepona juzi na kuugua leo hajapona." Hakuwa akifoka. Alisema kwa upole, na ndiyo mbaya zaidi. "Si kosa lako. Umri unakuja kwetu sote. Nitampigia yule mwingine."

Nilidhani fundi atabishana. Mtu wa miaka arobaini kazini! Hakubishana. Alivuta pumzi, akainama kwenye ndoo yake kwa shida, akatoa tindo na nyundo. "Umesema kweli, mzee," akasema. Halafu akaniambia mimi, "Dada, usihofu. Nitautindua wote nianze upya kwa nguvu zangu. Sitakuachia ukuta mbovu."

Akaweka tindo juu ya lipu ile. Lipu nzuri, iliyokomaa, niliyoinywesha siku saba kwa mikono yangu. Akapiga. Kipande kikaruka, na chini yake ilikuwa ngumu kama jiwe, kavu, kijivu. Hakuona. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Acha!" Nilipiga kelele mpaka birika likanitoka. "Acha, acha, usipige! Ni mimi!"

Wakageuka wote wawili.

"Ni mimi ninayeulowesha. Ukuta hauna kitu. Ni mimi, kwa shuka."

Nikaona hawaelewi, nikaingia ndani nikaileta ile shuka, bado inadondoka, nikachukua fagio, nikaibandika ukutani mbele yao kama ninavyofanya, kwa utaratibu, juu kwanza halafu ncha mbili. Nikaitoa. Doa likawa pale, pana, jeusi, lisilo na chanzo. "Hivi," nikasema. "Tangu siku ya kumi na moja baada ya lipu. Msingi mzima, paa zima, lipu nzima. Fundi hana kosa. Mpe kazi yake."

Mwenye Gesti alitazama shuka, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta. "Mama Shuka! Unaufua ukuta!" Nikajua habari itakuwa imefika sokoni kabla ya saa sita, na ilifika. Akampiga fundi begani, akamwambia waanze Jumatatu ijayo, kuta zote kumi na mbili, na kama lipu yake inaweza kunyweshwa mwezi mzima isibanduke basi hataki nyingine. Akaenda zake, bado anacheka, tukamsikia mpaka ngazini kwake.

Tukabaki wawili. Birika limelala pale, chai imemwagika. Fundi alikuwa bado na nyundo mkononi. Nilitaka anitukane. Kweli, nilitaka anitukane kwa sauti, ningempa kiti akae atukane vizuri.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ulikuwa unakuja kukiwa na doa."

Alifikiri. Yule ni mtu wa kufikiri taratibu, na alifikiri hivyo hivyo. "Ungeniambia tu nije," akasema.

"Ungekuja?"

Angeweza kunidanganya, watu wema hudanganya mahali kama pale, na mimi nilistahili kudanganywa kuliko kuambiwa ukweli. Lakini huyu huonja chumvi akakwambia ni chumvi.

"Nisingekuja, mama," akasema. "Ningekuja kufanya nini?"

Aliziba kile kipande alichokitindua, akakisawazisha kwa kibao mpaka hukijui kilipo. Tarehe ya chokaa alikuja asubuhi na mapema, akapaka chokaa mara mbili, nyeupe, nzuri mno, ukuta unang'aa kichochoroni hata leo. Chai nilimwekea. Alisema ameshakunywa.

Kazi ya gesti ilimchukua miezi mitatu. Alisimamisha jukwaa lake hatua ishirini kutoka dirisha langu la jikoni, na nilimwona kila siku, tangu saa moja mpaka magharibi. Watu walipita wakamsalimia, "Fundi! Fundi Taratibu!" na yeye akajibu bila kugeuka. Fundi wa lipu hufanya kazi akiutazama ukuta. Miezi mitatu niliujua mgongo wake, mashati yake manne, na namna anavyopumzisha goti la kushoto. Mara mbili nilivuka mpaka katikati ya kichochoro nikarudi, kwa sababu nilijiuliza nitasema nimekuja kufanya nini.

Halafu siku moja, mchana wa jua kali, alishuka. Akavuka. Akaja mpaka mlangoni kwangu akabisha hodi. Nikajifuta mikono, nikafungua.

"Mama, samahani. Maji ya kule yamekatika na nina lipu mbichi itanipasukia. Naomba ndoo mbili."

"Chukua tatu," nikasema. "Chukua zote."

Nilimchotea mwenyewe. Akasimama kivulini kunisubiri, akaniuliza hali, nikasema njema, akaniuliza kama ukuta haujanisumbua, nikasema haujanisumbua. Akatabasamu kidogo kwa hilo. Kidogo, lakini nililiona. Akabeba ndoo, akarudi mara ya pili kuchukua nyingine, mara ya tatu kuzirudisha, na akasema asante dada. Sijui kama alijisikia akisema.

Kesho yake maji ya gesti yakarudi. Koki inayoyafunga ipo kichochoroni, chini ya mfuniko wa bati, nyuma kabisa ya ukuta wangu. Ni ya kuzungusha kwa mkono, hata mtoto anaiweza. Naiona kila ninapoanika nguo, na mpaka leo sijaigusa.